Wapelekeni Wazee Wakaione Kaskazini

Mtu aliyejiunga na jeshi au polisi huwa na deni moja lisiloandikwa katika hati ya mshahara wake. Alitoka nyumbani angali kijana, ndevu hazijakomaa, na tangu siku hiyo wazazi wake wamempata kwa vipande: siku chache za likizo mwaka huu, siku mbili za msiba mwaka ujao. Fedha huwapelekea kwa simu, na wazee hushukuru. Lakini fedha hizo huishia katika sukari, sabuni, dawa na karo ya wajukuu, na mwaka ukiisha hapana awezaye kuionyesha hata shilingi moja akasema, hii ndiyo aliyoniletea mwanangu.

Kwa sababu hiyo wako askari, na hasa wake zao, wanaouliza kama haingefaa, walau mara moja katika maisha, kuwapa wazee zawadi isiyoliwa ikaisha: kuwachukua safari wakaone nchi yao. Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba, ikiwa zawadi yenyewe ni safari, na ikiwa wazee wangali na nguvu za kukaa garini nusu ya siku, basi iwe safari ya kaskazini mwa Uganda, kwenye pori na maporomoko ya mto Naili.

Sababu ya kwanza ni uzuri wa nchi yenyewe, nami nitaueleza. Lakini iko sababu nyingine ambayo jamaa za askari wataielewa kuliko watu wengine wote. Vita vya kaskazini vilianza katika mwaka wa 1986, na mapigano hayakusimamishwa hata ulipotiwa sahihi mkataba wa Juba mwezi wa Agosti 2006. Katika miaka hiyo yote, mama aliyekaa Masaka, Bushenyi au Mbale alisikiliza taarifa ya habari usiku akiwa ameshika tama. Kitgum, Pader, Karuma: kwake hayo hayakuwa majina ya mahali. Yalikuwa majina ya hofu, kwa maana mwanawe alikuwa huko. Vita vimekwisha, mwana amerudi, wengine hawakurudi, lakini majina yale yamebaki moyoni mwa mama kama yalivyokuwa. Hakuna aliyewahi kumshika mkono akamwonyesha kwamba Karuma ni daraja, na chini ya daraja ni maji meupe yanayoruka juu ya mawe, na kando ya barabara ni nyani wanaokaa wakingoja ganda la ndizi.

Hiyo ndiyo zawadi ninayoisema. Nayo yataka kuchaguliwa kwa akili, kwa kuwa kaskazini ni kubwa, na safari inayomfurahisha kijana yaweza kumlaza mzee kitandani wiki nzima.

Mbuga mbili

Mtu akisema pori la kaskazini katika Uganda, mara nyingi huwa na mawazo ya mbuga mbili za taifa. Ya kwanza ni Murchison Falls, iliyo kubwa kuliko mbuga zote za nchi hii, yapata kilomita za mraba 3,840. Ilifanywa mbuga ya taifa katika mwaka wa 1952, na mto Naili unaikata katikati ukielekea Ziwa Albert. Ya pili ni Kidepo, iliyo katika pembe ya mwisho kabisa ya kaskazini mashariki, huko Karamoja, ikipakana na Sudan Kusini. Kidepo ni ndogo kwa eneo, kilomita za mraba 1,442, nayo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka ule ule wa uhuru, 1962.

Nikiulizwa ipi ni nzuri zaidi kwa macho, nitajibu bila kusita kwamba ni Kidepo. Hapo bonde la Narus limetandazwa kama mkeka wa rangi ya dhahabu, nyati wanatembea kwa mamia, na pande zote milima imesimama ya buluu, mmojawapo ni Morungole wenye kimo cha mita 2,750. Mbele zaidi liko bonde la mto Kidepo wenyewe, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka si mto wa maji bali ni mto wa mchanga mweupe, umezungukwa na mivumo. Wenyeji hueleza kuwa jina la Kidepo latokana na neno la kuokota, kwa sababu watu walikwenda huko kuokota matunda ya miti hiyo. Huko wako mbuni na duma, ambao mtu hawaoni Murchison hata akizunguka mwezi mzima, na pundamilia pia.

Lakini swali letu si uzuri tu. Kutoka Kampala hadi Kidepo kwa njia ya Gulu na Kitgum ni kilomita zipatazo 570, na ukishaipita Kitgum utakutana na vumbi na mawe. Gari huondoka alfajiri, hufika jua likizama. Kwa mzee mwenye maumivu ya kiuno, hiyo si zawadi, ni adhabu yenye mandhari nzuri. Ndege ndogo hutua Apoka, katikati ya mbuga, lakini nauli yake si ya mshahara wa koplo. Tena Karamoja imepitia misukosuko yake. Wizi wa ng'ombe kwa bunduki uliporudi, jeshi lilianzisha operesheni ya Usalama kwa Wote mwezi wa Julai 2021, na wasomaji wengi wa ukurasa huu waliitumikia. Ninyi mna ndugu katika kila kambi. Pigeni simu, ulizeni hali ya njia katika wiki ile mnayotaka kusafiri, maana neno la mtu aliyepo latosha kuliko uvumi wa mjini.

Basi shauri langu ni hili. Ikiwa baba na mama wana miaka hamsini na kitu, ni wakakamavu, na mtoto wao aliwahi kutumikia Karamoja, wapelekeni Kidepo, mlale njiani Gulu au Kitgum usiku mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Ikiwa wamevuka miaka sitini na mitano, au mmoja wao ana shinikizo la damu au kisukari, chagueni Murchison. Sehemu iliyobaki ya maneno yangu nitaitoa hasa kwa ajili ya Murchison, kwa kuwa ndiyo itakayowafaa wengi.

Maji yanayopita kwenye ufa

Kutoka Kampala kwa njia ya Masindi hadi Paraa, penye kitovu cha mbuga, ni kilomita kama 300. Zamani sehemu ya mwisho ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha gari lilikwama. Siku hizi ni lami, kwa sababu barabara zilijengwa kwa ajili ya kazi ya mafuta yaliyopatikana kando ya Ziwa Albert. Mtu mwaminifu atawaambia wazee mapema kuwa upande wa kaskazini wa mto wataziona alama za kazi hiyo ya mafuta ndani ya mbuga. Wako wanaochukizwa nazo. Wazee, kwa niliyoyaona, huzitazama kwa shauku kuliko simba, nao huuliza maswali mengi kuhusu bei ya petroli.

Hapo Paraa palikuwa na kivuko, na watu walingoja saa yake. Sasa liko daraja. Mnavuka wakati mpendao, na jambo hilo kwa msafiri mwenye umri ni faraja isiyo ndogo.

Mambo ya kuona ni mengi, lakini mawili ndiyo yanayolipa gharama. La kwanza ni safari ya mashua kutoka Paraa kupanda mto hadi karibu na maporomoko, ambayo huchukua yapata saa tatu kwenda na kurudi. Mzee hukaa kitini, kivuli kichwani, na wanyama ndio wanaomjia: viboko wakipumua kama mivukuto ya mhunzi, mamba wamelala midomo wazi, tembo wakishuka kunywa, ndege wa kila rangi katika kingo za udongo. Hatembei hata hatua moja. Kwa magoti yaliyochoka, hakuna namna bora ya kuliona pori. Mashua itakapofika karibu na povu, vijana wengi hushuka na kuupanda mlima kwa miguu hadi juu ya maporomoko. Wazee wasishuke. Njia hiyo ni ya mwinuko mkali na jua lake ni kali. Warudi na mashua, kisha siku ya pili wapelekwe juu kwa gari, kwani barabara iko.

Na huko juu ndiko kuliko jambo la pili. Mto Naili, ule ule mpana ambao daraja la Jinja linauvuka, hubanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita saba hivi, kisha hutupwa chini mita 43. Ardhi hutetemeka chini ya viatu. Mvuke hupanda na kulowesha uso. Nilimpeleka baba yangu, naye ni polisi mstaafu asiye na maneno mengi. Alisimama akishika ukingo wa chuma kwa muda mrefu, nikafikiri labda anaogopa. Kisha akaniuliza kama maji haya ndiyo yale aliyokuwa akiyavuka kila asubuhi alipotumikia Jinja. Nikamwambia ndiyo, yamepita Ziwa Kyoga, yamepita Karuma, yamefika hapa. Akasema, "Kumbe yalikuwa yakija huku." Hakusema zaidi. Lakini jioni, akinywa chai, alianza kunisimulia habari za Jinja ambazo katika maisha yangu yote sikuwahi kuzisikia: jina la mkuu wake wa kwanza, nyumba ya bati aliyoishi na mama kabla sisi hatujazaliwa, usiku aliovuka daraja kwa miguu kwa kuwa baiskeli ilipasuka gurudumu. Nilikuwa nimelipia maporomoko; haya mengine nilipewa bure.

Kando ya maporomoko hayo makubwa utaona mengine, mapana na mapole. Hayo yanaitwa Maporomoko ya Uhuru, kwa sababu mto ulifurika na kupasua njia ya pili katika mwaka wa 1962. Wazee wanaoikumbuka siku ile ya tarehe 9 Oktoba hupenda sana kuelezwa habari hiyo, hivyo usiisahau.

Hali kadhalika usishangae baba akiiita mbuga hiyo Kabalega. Mwingereza Samuel Baker, aliyefika hapo na mkewe Florence mwaka wa 1864, ndiye aliyeyapa maporomoko jina la Murchison, aliyekuwa rais wa chama cha jiografia huko London. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, jina lilibadilishwa likawa Kabalega, kwa heshima ya Omukama wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza mpaka alipokamatwa mwaka wa 1899, akapelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli, na kufariki Jinja mwaka wa 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Mzee aliyesoma darasani katika miaka ile ya sabini alijifunza jina hilo. Msimsahihishe. Na ikiwa wazazi ni Wanyoro, basi safari ina uzito wake zaidi, kwa maana sehemu ya pori hilo ilikuwa na vijiji vya watu waliohamishwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na baada yao ardhi ikafanywa hifadhi ya wanyama. Hata Kidepo ina habari ya namna hiyo: Waik, ambao leo wanakaa juu ya Morungole, waliwahi kuwinda katika bonde hilo kabla ya kuondolewa. Mahali tunapopaita pori tupu aghalabu palikuwa nyumbani kwa mtu.

Upande wa kaskazini wa mto ndiko kwenye nyika ya wazi: twiga wakitembea kwa makundi, kongoni, nyati, na yule kobu mwenye pembe zilizopinda ambaye askari wote wanamjua, maana amesimama katika nembo ya taifa. Tembo wa huko walikuwa maelfu kabla ya vita vya 1979, wakabaki mamia kwa sababu ya bunduki zilizotapakaa baadaye, na sasa wameongezeka tena. Simba huonekana siku nyingine, siku nyingine hawaonekani. Msiwaahidi wazee simba.

Mkipita njia kuu ya Gulu badala ya kukata kwenda Masindi mapema, simameni Ziwa, katika wilaya ya Nakasongola, kilomita kama 170 kutoka Kampala, mkawaone vifaru. Kufikia 1983 hapakuwa na kifaru hata mmoja aliyebaki katika mapori ya Uganda. Waliletwa wengine Ziwa kuanzia 2005, na mwaka wa 2009 akazaliwa mtoto wa kwanza, ambaye kwa kuwa mama yake alitoka Marekani na baba yake Kenya, alipewa jina la Obama. Mzee aliyepata kusikia hadithi hiyo hataacha kuirudia kijijini.

Nani mzazi wako?

Nimesema habari za wazazi wa kusini waliosikia jina la kaskazini kwa mbali. Lakini askari wengi ni Waacholi, Walango, Wateso, Wakaramoja na watu wa West Nile, na wazazi wao hawakuisikia vita katika redio, waliiishi. Kwa hao zawadi hii yafaa ifikiriwe mara mbili.

Mama aliyekaa miaka katika kambi ya waliohamishwa hataona raha kulala katika hema, hata hema hilo likiwa na kitanda cha mninga na taa ya mapambo. Wageni wa Ulaya hulipa fedha nyingi ili walale chini ya turubai. Mama huyu alilala chini yake kwa lazima. Mtafutieni chumba chenye ukuta na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Vilevile baba aliyepoteza ndugu katika barabara ya Pakwach au Karuma anaweza kutamani kupita hapo na kusimama, au anaweza asitamani kabisa. Muulizeni mapema, nyumbani, kwa utulivu, wala si garini. Akisema hapendi, mshukuruni, mchague njia nyingine au mahali pengine. Kuna Patiko, kwa mfano, kaskazini ya Gulu, ngome ya mawe ambayo Baker aliitwaa mwaka wa 1872 kutoka kwa wafanya biashara ya watumwa; mzee mpenda historia aweza kutumia nusu ya siku hapo kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo msiifanye zawadi hii kuwa ya kushtukiza. Huo ni mtindo tuliouona katika filamu. Mzee wetu hapendi kuamshwa asubuhi akaambiwa apande gari haraka. Yeye ataka kuambiwa miezi miwili mbele, apate kuaga majirani, kumwarifu mzee wa kanisa au imamu, na kuitia safari maneno mengi kabla haijaanza. Nusu ya utamu wa zawadi umo katika siku hizo za kungoja. Na mpango upitie kwa mtoto wa kwanza, hata kama fedha ni zenu, maana mkimruka kaka au dada mkubwa zawadi itazaa ugomvi.

Katika shauri hilo la ndugu atatokea mmoja atakayesema: kwa nini tuwapeleke wazee kutazama viboko, na paa la nyumba yao linavuja? Msimkasirikie. Ikiwa paa kweli linavuja, nunueni mabati kwanza. Lakini ikiwa paa ni zima, na choo ni kizima, na dawa zinapatikana, basi jibu ni kwamba bati la ziada lingengoja mwakani, na magoti ya mama hayatangoja.

Matengenezo ya nyumbani na ya mwili

Jambo linalowazuia wazee kufurahi safarini si uchovu. Ni wasiwasi wa waliyoyaacha. Nani atamkamua ng'ombe? Nani atawafungia kuku? Mtu wa kulala nyumbani kwao siku hizo nne ni sehemu ya zawadi, naye alipwe na ninyi, ajulikane kwa wazee, asiwe kijana wa mbali. Mama akijua migomba yake ina mlinzi, atacheka.

Pili, daktari. Wiki mbili kabla ya safari wapimwe shinikizo la damu na sukari, na dawa za siku zote zinunuliwe ziada ya siku tatu. Iko hatari moja ambayo watu huisahau: wazee wa Kigezi na sehemu nyingine za milimani hawajazoea malaria kama watu wa mabondeni, na kando ya Naili ni bondeni, penye joto na mbu. Hao hasa ndio wamwulize daktari kuhusu dawa ya kinga, walale ndani ya chandarua kila usiku, na jioni wavae mikono mirefu. Mbung'o nao wapo katika sehemu za mbuga, huuma juu ya nguo nyeusi na za buluu iliyokolea, kwa hiyo nguo za rangi hafifu zafaa zaidi.

Kuhusu nguo, najua mama atataka kushona gomesi mpya. Aishone. Lakini avae gomesi langoni na kwenye picha, na kwa kupanda gari refu na kuingia mashuani awe na gauni la kawaida na viatu visivyo na kisigino. Mashuani watapewa makoti ya kuelea. Wazee wengine hukataa kwa kudhani wanadharauliwa. Hapo sauti ya afande inafaa: nyote vaeni kwanza, wao watafuata.

Baba wa umri huhitaji kusimama njiani kila saa moja na nusu kwa haja ndogo, naye ataona haya kusema. Dereva aambiwe kando asimame kwenye vituo vya petroli bila kuulizwa. Chakula cha hotelini aghalabu ni baridi na kina majani mengi. Mpishi akiombwa tangu jana atapika matoke, kalo au samaki wa mto wa kuchemsha bila ugumu. Kibuyu cha chai kisiachwe.

Gharama sasa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo sana kuliko mgeni, na hulipa kwa shilingi. Kinachomaliza fedha ni gari, mafuta na malazi. Kwa hiyo nyumba tatu au nne za kambi moja zikiungana, zikakodi basi dogo lenye paa la kufunguka, mzigo huwa mwepesi. Wake za askari ambao tayari wana upatu wao wanaweza kuweka zamu moja ya mwaka kwa ajili ya wazee, wakaanza na wenye wazazi wakongwe zaidi. Mkopo siushauri. Safari iliyolipiwa kwa mkopo humfanya mtoto awe na uso wa kodi mbele ya baba yake, na wazee huusoma uso huo.

Miezi nayo ina mashaka yake. Kwa Murchison, ukavu wa Desemba hadi Februari ndio bora, na ule wa Juni na Julai hufuata. Kidepo hukauka kutoka mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na ndipo wanyama hukusanyika Narus penye maji. Lakini Februari ndio mwezi wa karo za shule, na Desemba hoteli hujaa. Mimi ningechagua wiki za katikati ya Januari, kabla barua za walimu wakuu hazijafika, au Julai kwa wale ambao mavuno yamekwisha. Na mzazi mmoja akiwa amefariki, msimpeleke aliyebaki peke yake. Mchukueni pamoja na dada yake au rafiki yake wa zamani, ili awe na mtu wa rika lake wa kunong'ona naye usiku.

Tena nendeni nao. Najua wako wanaofikiri kulipia kila kitu, kumkabidhi dereva, na kubaki kazini. Kama zamu hairuhusu, subirini likizo. Mzee hakuwa akilia miaka ile kwa sababu hakuliona pori.

Pigeni picha, nazo zichapishwe kwenye karatasi mjini mara mnaporudi, maana picha iliyo ndani ya simu mzee haioni. Daraja la Karuma na bwawa lake la umeme, lililofunguliwa rasmi mwaka wa 2024, msiyapige. Amri mnaijua, na mlinzi aliye pale huenda ni mwenzenu wa kwata. Hapo Karuma mna mhogo na mahindi ya kuchoma, na huko mbele wauzaji wana mafuta ya shea ambayo mama atayataka kwa ajili ya viungo vyake. Mwachieni fedha kidogo mkononi mwake mwenyewe, apatane bei kwa lugha apendayo. Vitambulisho vya taifa vya wazee wote vikae mfukoni mwa mtu mmoja mwangalifu tangu siku ya kuondoka, kwa kuwa langoni karani atavidai kabla ya kuandika ile ada ndogo, na mama atakuwa amekiweka chake chini kabisa ya sanduku, ndani ya ile gomesi mpya.